Laki mbili za mtaji zimeishia kwenye gemu la mtoto. Nianzie wapi?

Habari za kazi, wahariri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Majengo hapa Moshi, nauza vitenge na mashuka karibu na soko la Mbuyuni. Hela yangu ya mtaji inakaa kwenye simu, kwa sababu wateja wa mkopo hunilipa kidogo kidogo humo humo, na zikifika kiasi natuma Dar, mzigo unakuja na basi.

Mwanangu wa pili ana miaka 12, yuko darasa la sita. Jioni nikiwa jikoni anachukua simu yangu anacheza gemu la bunduki, lile la kushuka na parachuti. Sikuona ubaya. Gemu ni la bure, anacheza na wenzake wa darasani, na walau najua yuko ndani hazururi. Wiki iliyopita nataka kutuma hela ya mzigo, salio halitoshi. Meseji za makato sizioni, zimefutwa. Nikaenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao wangu, wakanitolea orodha ya miamala. Ndani ya wiki tatu zimeondoka shilingi 214,700. Malipo tisa yamepita Play Store, jumla 131,700, kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua mwaka jana ili nilipie tangazo la biashara nikaisahau. Mara tano zimetumwa kwa kijana mwenye banda la gemu mtaani kwetu, jumla 75,000. Elfu nane iliyobaki ni makato.

Nilipombana alilia. Anasema mara ya kwanza alikuwa anaangalia nguo ya mchezaji wake, akabonyeza, ikakubali, hakujua kama ni hela ya kweli. Zilizofuata anakiri alijua. Namba ya siri aliiona nikiiandika. Ni mwaka wangu wa kuzaliwa. Anasema kila mara alikuwa amebakiza kidogo tu, na ofa ilikuwa inaisha usiku uleule. Yule kijana naye alimwambia kwake daimondi, ile hela ya ndani ya gemu, ni bei rahisi kuliko kwenye simu.

Baba yake yuko Mirerani, anarudi Jumamosi. Amesema kwenye simu kwamba nyumba hii ina mwizi na dawa ya mwizi anaijua. Dada yangu ananiambia nifute gemu yaishe. Mjomba wa mtoto anataka yule kijana afikishwe polisi. Mimi nauliza: hela itarudi? Mtoto huyu ni mwizi au ametapeliwa? Na simu hii nitaifanyaje, wakati biashara yangu yote iko humo?

Mama Vitenge, Majengo, Moshi

JIBU

Mama Vitenge, pole sana. Tunaanza na hela, kwa sababu mazungumzo na mtoto yanaweza kungoja Jumamosi, ila maombi ya kurudishiwa hayangoji. Na hata kabla ya hayo kuna kazi ya dakika kumi ya kufanya sasa hivi: badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa, kisha ingia Play Store uiondoe ile kadi. Ikibaki pale, malipo ya kumi yanaweza kupita usiku huu.

Hiyo 131,700 na ile 75,000 usizichanganye. Zilitoka kwa milango miwili tofauti, na kila moja inadaiwa mahali pake.

Ya Play Store kwanza. Fungua Play Store, gusa picha yako ya akaunti kwenye kona ya juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, halafu historia ya ununuzi. Utaona kila malipo, tarehe yake, kiasi chake na jina la gemu. Kisha nenda kwenye Gmail ya akaunti hiyohiyo utafute risiti. Kila moja ina namba ya oda inayoanza na herufi GPA. Mtoto amefuta meseji za simu, lakini watoto wachache sana hukumbuka kufuta barua pepe. Chukua daftari uandike mistari tisa: tarehe, saa, kiasi, namba ya GPA. Piga na skrinishoti.

Google hupokea ombi la kurudishiwa moja kwa moja ndani ya saa 48 tangu malipo yafanyike. Zikipita, kwa kawaida hukuelekeza kwa watengenezaji wa gemu. Malipo yako mengi yameshapita muda huo, lakini omba tu, kila oda kwa ombi lake. Kwenye sababu, chagua ile inayosema kwamba ununuzi ulifanywa na mtu wa familia bila ruhusa yako. Jibu linaweza kuchukua hadi siku nne. Zile watakazokataa, waandikie watengenezaji. Anwani yao iko kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Play Store, na magemu mengi yana kitufe cha msaada ndani yake. Barua iwe fupi: namba za GPA, namba ya mchezaji ya mtoto, umri wake, tarehe, na kwamba unaomba kurudishiwa na kuzuiwa kwa malipo mengine. Usisimulie habari ya vitenge wala ya baba kuja Jumamosi. Anayeisoma ana mamia ya barua na anatafuta namba tu.

Tukwambie ukweli, zote hazitarudi. Sera ya Google inasema kwamba aliyempa mwingine siri za akaunti yake, au aliyeacha akaunti bila uthibitisho wa malipo, kwa kawaida harudishiwi. Ndiyo maana kufunga milango kunatangulia kuomba: ukiandika kwamba kadi imeshaondolewa na uthibitisho umewashwa, uwe unasema kweli.

Kuna njia moja watu huikimbilia inayowaumiza, nayo ni kwenda kwa aliyetoa kadi na kuyapinga malipo yote kwa mkupuo. Kampuni za magemu zikipokonywa hela kwa njia hiyo huweza kuifunga akaunti nzima, pamoja na vitu vilivyonunuliwa kihalali. Iache njia hiyo iwe ya mwisho. Na hata ombi la kawaida likikubaliwa, gemu linaweza kumnyang'anya mtoto vitu vilivyonunuliwa. Mwambie mapema, na asitumie hata daimondi moja iliyobaki mpaka majibu yatoke.

Sasa 75,000 za kijana wa banda. Hizo zilitumwa kwa namba ya siri sahihi kwenda kwa mtu sahihi. Mtandao hurudisha hela iliyokosewa namba, tena kama bado ipo upande wa pili. Usiende dukani kusema ulikosea namba mara tano kwa mtu yuleyule; utaonekana mwongo na shauri lako la haki litaharibika. Hapa unadai kwa mtu.

Na una hoja nzito. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 11, inasema makubaliano na mtu asiyefikisha umri wa utu uzima ni batili. Kijana huyu amemuuzia mtoto wa darasa la sita mara tano, na kwa kuwa ni wa mtaani kwenu hawezi kusema hakujua umri wake. Nenda na mjomba, nenda na ile orodha ya miamala, mwonyeshe mistari mitano na umpe siku ya kurudisha. Akizungusha, mwenyekiti wa mtaa. Polisi tungeishikilia kwanza, isipokuwa majibu ya maswali haya yakikushtua. Mwulize mwanao kwa upole, mkiwa wawili tu. Je, alimpa kijana nywila ya akaunti ya gemu? Je, ni nani aliyemfundisha kufuta meseji? Je, kila alipolipa daimondi zilifika?

Swali la nywila ni zito kuliko linavyoonekana. Kujaza daimondi kihalali kunahitaji namba ya mchezaji tu, ile inayoonekana na kila mtu kwenye wasifu wake. Anayetaka nywila anataka kuingia ndani, na akiingia anaweza kuiba akaunti na kuiuza. Na daimondi za bei ya chini sana huwa na sababu: baadhi hununuliwa kwa kadi zilizoibwa, mwenye kadi akilalamika malipo yanafutwa, na akaunti inayofungwa ni ya mtoto. Muuzaji ameshakula chake. Kama nywila ilitolewa, ibadilisheni leo, na mkague akaunti ya gemu imeunganishwa na Facebook au Gmail ya nani.

Tuje kwenye swali linaloisumbua nyumba yako, mwizi au ametapeliwa. Jibu letu ni kwamba yapo makosa mawili na yasifanywe moja. Kutumia namba ya siri ya mama na kufuta meseji ni kosa lake, alijua, na alijibie. Lakini malipo ya kwanza, yale ya kubonyeza bila kujua, usimwite mwongo haraka. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na Epic Games, wenye gemu la Fortnite, ya kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo milioni 275 zilihusu taarifa binafsi za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji waliolipishwa kwa ujanja wa vitufe. Tume ilieleza kwamba mtu aliweza kulipishwa akijaribu tu kuliamsha gemu lililolala, au gemu likiwa bado linafunguka, au kwa kugusa kitufe cha jirani alipotaka kutazama kitu kabla ya kununua. Hayo yaliwapata hata watu wazima. Tume ilieleza pia kwamba waliopinga malipo kwenye kadi zao walifungiwa akaunti, na hapo ndipo lilipotoka onyo letu la hapo juu. Uamuzi huo ni wa Marekani na haumpi mtu wa Majengo haki ya kwenda kuchukua mgao. Tumeutaja ili baba yake ajue kwamba maneno ya mtoto si kisingizio cha ajabu.

Sasa hiyo "nimebakiza kidogo tu". Mama, hiyo imepangwa, na wewe mfanyabiashara utaielewa kuliko wengi. Tuchukue mfano: daimondi zinauzwa kwa mafungu ya 100, fungu moja 2,500, na nguo inauzwa daimondi 250. Mtoto ananunua mafungu matatu, 7,500, nguo inakula 250, zinabaki 50. Hizo 50 hazinunui chochote cha maana, na haziwezi kugeuzwa kuwa shilingi tena. Zinakaa pale juu ya kioo zinamwita. Kitu kinachofuata ni daimondi 130, kwa hiyo "nimebakiza 80 tu", na fungu la 80 halipo. Wewe ukiuza kitenge unataja bei kwa shilingi na mteja anajua mfukoni ana nini. Dukani kwao bei haitajwi kwa shilingi mahali popote isipokuwa pale pa kununulia daimondi, na mtoto akishavuka pale hesabu ya kweli imeshamtoka kichwani. Hata mtu mzima hupotea humo. Mtoto wa miaka 12 aliyekariri jedwali la kuzidisha hajawahi kuulizwa hesabu ya namna hii shuleni.

Halafu kuna magurudumu ya bahati: unalipa daimondi, unazungusha, na zawadi inatoka kwa bahati. Chukua Faded Wheel, gurudumu la gemu la Free Fire, ambayo watoto wengi wa hapa Kilimanjaro na Arusha wanaijua kwa moyo. Zawadi ni kumi, mchezaji anaondoa mbili asizozitaka, zinabaki nane, na zawadi ikishatoka hairudi. Inaonekana ya haki kabisa. Bei ya kuzungusha ndiyo inayopanda, na mpangilio mmoja unaojulikana unakwenda hivi: daimondi 9, 19, 39, 69, 99, 149, 199, na ya mwisho 499. Jumlisha, ni 1,082. Mizunguko minne ya kwanza yote pamoja ni 136, karibu sehemu moja ya nane ya safari nzima, na mtoto anajisikia amefika nusu. Akifika wa saba ameshatumia 583 na zawadi kubwa bado haijatoka. Sasa anajua kwa hakika kwamba mzunguko mmoja uliobaki utaitoa, kwa 499. Aache? Akiacha 583 zimekwenda bure. Kwa bei ya mfano wetu hapo juu, nguo aliyodhani ni ya daimondi 9 imefika kama 27,000. Na darasani lazima yupo mmoja aliyeipata mzunguko wa pili, naye ndiye anayesikika. Waliofika wa nane hawasimulii.

Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka yake ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati ya kulipia ndani ya magemu, yale unayolipia bila kujua kilichomo, yanaangukia kwenye kamari. Nchi nyingi hazijafika huko na wanasheria wanabishana. Nyumbani kwako huna haja ya kungoja waafikiane: kitu ambacho bei yake haijulikani kabla ya kulipa kisinunuliwe na mtoto, basi.

Kuhusu "ofa inaisha usiku huu", mwaka 2024 mamlaka ya ushindani ya Uholanzi iliitoza Epic faini ya zaidi ya euro milioni 1.1 kwa sababu ya Fortnite, ikitaja maneno ya kuwahimiza watoto wanunue sasa hivi, na saa za kuhesabu kurudi nyuma zilizopotosha, kwa maana vitu vingine viliendelea kuuzwa hata baada ya saa kuisha. Dawa yake ni rahisi kuliko zote: kila ununuzi ungoje hadi kesho jioni. Kitu kikiwa bado kinatamaniwa kesho, kijadiliwe. Kama kimeondoka kimeondoka, na vingi hurudi.

Dada yako anashauri kufuta gemu. Ukilifuta kwenye simu umefuta picha tu. Akaunti ya mchezaji inakaa kwenye kompyuta za kampuni, kadi inakaa kwenye akaunti yako ya Google, na mtoto ataendelea kuchezea banda la yule yule kijana, mahali ambapo humwoni. Sisi tungeliacha, kwa masharti, na tungeitengeneza simu.

Kuitengeneza ni hivi. Play Store, picha yako, malipo na usajili, njia za malipo: ondoa kadi, na uangalie kama laini yenyewe haikuunganishwa kulipia kwa vocha. Kisha nenda kwenye menyu ya akaunti yako ya pesa uifute au uisimamishe kadi ile ya mtandaoni. Fanya vyote viwili. Ukitaka kulipia tangazo tena, ifungue, weka kiasi cha tangazo tu, maliza, ifunge. Rudi Play Store, mipangilio, tafuta uthibitisho wa ununuzi na uchague uombwe kila mara. Kuna chaguo la kila baada ya dakika 30, usilichague. Mwaka 2014 FTC iliwabana Apple warudishe angalau dola milioni 32.5 na Google angalau milioni 19 kwa mambo ya namna hii: mzazi akiandika nywila mara moja, mlango ulibaki wazi dakika 15 kwa Apple na 30 kwa Google, mtoto akaendelea kununua bila kuulizwa.

Kosa linalovuruga kazi yote hii ni alama ya kidole. Wazazi wengi huwasajilia watoto kidole ili wasisumbuliwe kufungua simu. Uthibitisho wa malipo ukiwa wa kidole, basi kidole cha mtoto ni sahihi yako. Ingia mipangilio ya usalama, futa vidole vyote, sajili chako peke yake, na ubadili namba ya kufungulia simu. Na ile sehemu ya Play Store ya kuweka bajeti ya mwezi isikupe usingizi. Hukujulisha tu umefikia kiasi, haizuii malipo.

Simu nyingi za Android zina pia uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo. Unaufungua kwenye mipangilio ya usalama, unaliwasha gemu, unalibandika, na mtoto hawezi kutoka kwenda kwenye meseji wala kwenye menyu ya pesa bila namba ya kufungulia. Hakikisha umeweka alama kwenye sehemu ya kuulizwa namba kabla ya kubandua, vinginevyo atabandua kwa kushikilia vitufe viwili. Hii haizuii ununuzi wa ndani ya gemu, kwa hiyo si mbadala wa yale ya juu.

Kama kuna simu ya zamani kabatini, hiyo mpe iwe ya gemu, bila laini, na umfungulie akaunti yake mwenyewe chini ya Family Link ya Google, ambapo kila ununuzi unakuja kwako kuomba ruhusa. Chagua idhini kwa maudhui yote. Fahamu tu kwamba inazuia malipo yanayopita kwa mfumo wa Google. Daimondi za banda hazipiti huko. Wenye iPhone wana yao: muda wa skrini, vizuizi vya maudhui na faragha, ununuzi wa duka, zima ununuzi wa ndani ya programu. Gemu la Roblox lina kikomo cha matumizi kwa mwezi ambacho mzazi anakiweka mwenyewe.

Kwa mtaji, ushauri wetu ni mmoja tu na ni wa bei ya kitochi: laini inayopokea hela za wateja ihamie kwenye simu ya vitufe, ikae mkobani mwako. Simu janja ibaki na laini ya bando yenye salio dogo. Namba mpya ya siri isiwe mwaka wa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Kagua pia kama uliwahi kujiunga na mkopo wa kukamilisha miamala salio linapopungua. Ukiwa umewashwa, anayejua namba yako anaweza kukuacha chini ya sifuri, na makato yanaendelea. Na meseji zitakazokuja za "daimondi za bure, tuma namba ya siri", zipeleke kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040, usimjibu mtu.

Mtoto naye. Kipigo kitamfundisha kufuta meseji vizuri zaidi. Sisi tungemtaka alipe sehemu, si yote: malipo ya kwanza tumsamehe, mengine achangie kwa kukosa. Kama alikuwa anapata hela ya sambusa, ipungue kwa miezi mitatu, na iandikwe kwenye daftari lilelile la GPA ili aone deni linavyoshuka taratibu. Hilo likiisha, mruhusu kiasi kidogo cha kila mwezi, tuseme 3,000, taslimu mkononi. Akitaka kununua anakuletea noti, anaandika kwa shilingi kitu na bei, unangoja hadi kesho yake, unaandika namba wewe. Magurudumu hapana. Noti zikishikwa mkononi zinauma kuondoka, na hiyo ndiyo hisia ambayo daimondi zimeundwa kuificha. Usishangae akinuna kwa sababu wenzake wanamcheka mchezaji wake asiye na nguo. Kejeli hiyo ni ya kweli kwake na usiidharau, ila usiilipie.

Jumamosi baba akifika, mpe daftari kabla hajamwona mtoto. Mistari tisa, mistari mitano, nini kimeombwa, nini kimejibiwa. Halafu mtoto amwonyeshe gemu lenyewe: ulibonyeza wapi ile siku ya kwanza, na gurudumu linazungukaje. Mzee akizungusha kwa macho yake bei ikitoka 9 kwenda 499, maongezi yatakuwa mengine. Na kabla hajarudi Mirerani, simu yake nayo ipite hatua hizohizo, kuanzia vidole hadi kadi, maana mtoto akikuta ya mama imefungwa atajaribu ya baba.